Wateja 31, programu 31: tuchukue fedha za mwekezaji?

SWALI: Mimi na mwenzangu tulianzisha kampuni ya programu ya kusimamia stoo na mauzo ya jumla miaka 3 iliyopita. Tuna wateja 31 wanaolipa kila mwezi na wafanyakazi 4. Kila mteja mpya anataka tumwongezee kitu chake, na muda wetu wote unaishia hapo. Sasa amejitokeza mwekezaji anayetaka asilimia 25, anasema tukue haraka kabla wengine hawajatuwahi. Hisa tumegawana nusu kwa nusu, ila mwenzangu tangu mwaka jana ameajiriwa kwingine, huku kwetu anakuja jioni. Tuchukue fedha tuajiri watu, au tungoje? Na hizi kampuni zilizokua zilifanya nini ambacho sisi hatukifanyi?

JIBU: Usisaini mwezi huu. Huenda mkazihitaji fedha hizo baadaye, na mwekezaji huyo anaweza kuwa mtu mzuri tu, lakini barua yako ina mambo mawili ambayo mtaji hauyaponyi, unayapanua. La kwanza, hamna programu moja. Mna programu 31 zenye jina moja. La pili, nusu ya kampuni iko mikononi mwa mtu ambaye mchana yuko kwa mwajiri mwingine. Umeliweka swali kana kwamba shida ni fedha na kasi. Mimi naona kasi mnaipoteza kila mnapomkubalia mteja ombi lake, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Fungua msimbo wenu, yaani maandishi yenyewe ya programu, utafute namba za wateja ndani yake. Sijauona, lakini ningeshangaa nisipokuta mistari ya namna hii: kama mteja ni namba 17, usikokotoe kodi kwenye bidhaa zilizorudishwa, kama mteja ni namba 22, ruhusu hesabu ya stoo iende chini ya sifuri. Kila mstari wa aina hiyo uliandikwa alasiri moja kumridhisha mtu mmoja, na siku ile ulionekana hauna gharama. Gharama huja mnapotaka kubadilisha namna ya kukokotoa kodi, maana sasa lazima mjiulize kama namba 17 ataharibikiwa, na 22, na yule aliyetaka ripoti yake ianze na tarehe. Vipengele 10 tu vya kuwasha na kuzima vinatoa michanganyiko 1,024, na hakuna timu ndogo inayoijaribu yote. Ndiyo maana jambo lililokuwa la siku moja mwaka wa kwanza sasa linakula wiki, nanyi mnadhani mmepungukiwa na watu.

Kuna biashara mbili hapa na zote ni za heshima. Moja ni kampuni ya huduma: mteja anakuja na mahitaji yake, mnamtengenezea, mnatoza kwa kazi mliyofanya, na mkitaka kuongeza mapato mnaongeza watu. Nyingine ni kampuni ya bidhaa: kitu kilekile kinauzwa mara nyingi, na mteja wa 100 anawagharimu sehemu ndogo sana ya alichowagharimu wa kwanza. Ninyi mnatoza ada ya mwezi kama wauza bidhaa, halafu mnafanya kazi kama fundi cherehani anayempima kila mteja upya. Mkiwa huduma, pandisheni bei, tozeni kila ombi kwa saa zake, na mwekezaji hamumhitaji. Mkiwa bidhaa, lazima mjifunze kukataa. Kukaa katikati ndiko kunakowamaliza.

Nikisema kukataa simaanishi kumfungia mteja masikio. Ombi lake karibu kila mara lina shida ya kweli nyuma yake, ila dawa anayoitaja yeye mara nyingi siyo. Kampuni moja niliyoishauri, yenye programu inayofanana na yenu, iliombwa na mteja iweke kitufe cha kuingiza bidhaa nyingi kwa mpigo kutoka kwenye faili. Watengenezaji walikadiria kazi ya wiki kadhaa: kusoma faili, kukagua makosa, kufuta walichokosea. Kabla hawajaanza nilimwomba mmoja wao tukakae stoo kwa mteja huyo tangu asubuhi. Lori likaja, mizigo ikashuka, na mtunza stoo akachukua daftari na kalamu. Kompyuta ilikuwa imewashwa pembeni yake, hakuigusa. Tukamuuliza. Akasema skrini inakataa kuhifadhi mpaka uandike namba ya ankara ya msambazaji, na ankara huwa haiji na lori, inafika alasiri au kesho yake. Kwa hiyo anaandika daftarini, jioni anakaa na mistari mingi ya kuingiza, na ndiyo maana bosi wake akaomba kitufe cha faili. Dawa ilikuwa kuruhusu mzigo uhifadhiwe bila namba ya ankara na kuupa alama ya kuonyesha ankara bado. Kazi ya nusu siku. Baada ya hapo ikaonekana wateja wengine kadhaa walikuwa na daftari lilelile, ila hawakuwahi kulalamika. Walikuwa wanapunguza tu kutumia programu.

Kwa hiyo kwa kila ombi lililo kwenye orodha yenu, achaneni na kuuliza "unataka nini". Muulizeni mteja alikuwa anafanya nini alipokwama, mara ya mwisho ilikuwa lini, na alimaliza vipi. Akikosa mfano wa hivi karibuni, ombi hilo linaweza kungoja. Wateja watatu wakisimulia mkwamo mmoja kwa maneno tofauti, hapo mmepata kitu cha kujenga, na mkijenge kwa wote 31.

Umeuliza kampuni zilizokua zilifanya nini. Watu hupenda kusimulia jinsi waanzilishi walivyohangaika kwa mikono yao, na ni kweli. Ndugu wawili Patrick na John Collison wa Stripe walipompata mtu aliyekubali kujaribu huduma yao ya malipo, hawakumwahidi kumtumia kiungo. Waliichukua kompyuta yake na kumuunganishia palepale. Waanzilishi wa Airbnb, mtandao wa kupangisha vyumba kwa wageni, mwaka 2009 walikwenda New York kukutana na wenye nyumba na kupiga picha za vyumba, kwa sababu picha zilizokuwa mtandaoni zilikuwa mbaya na wageni hawakuwa wanachukua vyumba. Unaweza kusema, basi na sisi tunahangaika kwa mikono. Ila wao kazi ile ya mikono iliwafundisha kitu kimoja walichoweza kumfanyia kila mtu baadaye. Ya kwenu inaishia kwa mteja mmoja.

Na wengi wa hao waliokua walipunguza kabla ya kuongeza. Instagram ilianza kama programu iitwayo Burbn, ambapo mtu aliweza kutaja mahali alipo, kupanga mikutano na marafiki, kukusanya pointi na kuweka picha. Waanzilishi wake, Kevin Systrom na Mike Krieger, walipoona watu wanachokitumia hasa ni picha, walibakiza picha, maoni na alama ya kupenda, wakatupa mengine. Waliitoa Oktoba 2010, na Aprili 2012 Facebook ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 1 ikiwa na wafanyakazi 13. M-Pesa majaribio yake ya mwaka 2005 yalihusu watu kulipa marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa mwaka 2007 hilo la kutumiana ndilo likawa jambo lenyewe. Slack ilikuwa chombo ambacho timu ya mchezo wa kompyuta uitwao Glitch ilijitengenezea ili kuwasiliana. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, chombo kikabaki, kikatolewa kwa umma mwaka 2014.

Hadithi hizi zisomwe kwa tahadhari. Kampuni zilizopunguza zikafa hazisimuliwi, na haiwezekani ziwe chache. Ninachokichukua mimi ni kidogo tu: katika zote tatu, uamuzi ulitokana na kuangalia watu wanatumia nini, na taarifa hiyo nanyi mnayo kwenye seva zenu. Chukueni miezi 3 iliyopita mhesabu kila skrini imefunguliwa na wateja wangapi. Nadhani mtakuta vipengele vingi mlivyowajengea watu kwa jasho vimefunguliwa siku ile ya kukabidhiwa, basi.

Sasa namba ambayo hukuiandika. Umesema mna wateja 31, hukusema wangapi wameondoka. Hiyo ndiyo ningeitaka kwanza kama ningekuwa mwekezaji. Wateja wakiondoka asilimia 5 kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo, lakini ukianza na 100, baada ya mwaka wamebaki 54. Unatafuta wapya 46 ili urudi pale ulipokuwa. Wakiondoka asilimia 2 kwa mwezi, wanabaki 78. Kati ya kampuni hizi mbili, ya kwanza ikipewa fedha za matangazo inazitumia kufidia, ya pili inazitumia kuongeza. Tengenezeni jedwali: safu ya walioanza kila mwezi, na mbele yake wangapi bado wanatumia mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, wa kumi na mbili. Naandika "wanatumia" kwa makusudi. Mteja huacha kutumia kabla ya kuacha kulipa, wakati mwingine miezi mingi kabla, kwa sababu anayelipa ni mhasibu na anayetumia ni mtunza stoo, na hawa wawili hawaongei.

Hoja ya mwekezaji kwamba wengine watawawahi ina nguvu katika biashara fulani. Programu ya kutumiana ujumbe, au soko la kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi, huwa na thamani zaidi kila mtu mpya anapoingia, kwa hiyo aliyetangulia kupata wengi ana faida kubwa. Programu ya stoo haiko hivyo. Mtunza stoo wako hapati chochote kwa sababu mtunza stoo wa kampuni nyingine anatumia programu ileile. Na hata pale palipo na mbio, wa kwanza kufika si lazima awe mshindi: Google ilianzishwa mwaka 1998, wakati AltaVista, nayo ya kutafutia habari mtandaoni, ilikuwapo tangu 1995. Katika mitandao ya kijamii Friendster ilitangulia mwaka 2002, na kurasa zake zilipoanza kuchelewa kufunguka watu wakahama, Facebook ikaanza mwaka 2004.

Mfano wa upande wa pili ni Webvan. Kampuni hii ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilipokea maagizo ya bidhaa za nyumbani kupitia intaneti na kuzipeleka mlangoni. Mwaka 1999, kabla eneo lake la kwanza la San Francisco halijathibitisha kwamba biashara inajilipa, iliingia mkataba wa takriban dola bilioni 1 wa kujenga maghala makubwa katika miji mingine. Julai 2001 ilifilisika. Wazo lenyewe halikuwa baya, leo huduma za aina hiyo zipo kila mahali. Walizidisha kitu ambacho hesabu yake ilikuwa haijakaa sawa mahali pamoja.

Mkiamua kuziunganisha programu zenu 31, mtashawishika kuandika kila kitu upya. Wahandisi wenu watawaambia msimbo umeoza na ni rahisi kuanza na ukurasa mweupe. Msiwasikilize. Netscape, kampuni ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ilitoa toleo la 4 mwaka 1997, ikaamua kuandika upya, na toleo kubwa lililofuata, la 6, likatoka Novemba 2000. Katika muda huo Microsoft ilikuwa imeshachukua soko la vivinjari. Msimbo wa zamani unaouchukia una ndani yake majibu ya matatizo ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Twaa mstari mmoja wa "kama mteja ni namba fulani" kila wiki. Ama uufanye mpangilio wa wazi unaopatikana kwa wote, ama uufute. Kabla ya kufuta, mwambie mteja mapema, mpe tarehe, na ahidi kumkabidhi data zake zote akitaka kuondoka. Pengine mtapoteza wawili watatu. Nimeona mara nyingi kwamba wanaoondoka namna hiyo ndio waliokuwa wanalipa kidogo na kupiga simu sana.

Mambo mengine mawili ya usalama, kwa haraka. Nakala rudufu za hifadhidata yenu mlijaribu lini kuzirudisha? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengenezaji wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu, na walipogeukia njia zao za kuhifadhi nakala wakakuta njia zote tano hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Walipoteza takriban saa 6 za data. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu. Na fedha za kampuni zisikae benki moja: Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyotumiwa na kampuni nyingi changa za teknolojia, ilipoanguka Machi 10, 2023, kampuni nyingi zilikaa mwisho wa wiki nzima zikijiuliza mishahara italipwaje.

Tuje kwa mwenzako, jambo ambalo naona umelizunguka.

Aprili 1, 1976 Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne walitia saini karatasi ya kuanzisha Apple. Jobs na Wozniak walichukua asilimia 45 kila mmoja, na Wayne 10, ili wawili hao wakivutana kuwe na kura ya kuamua. Kabla ya wiki mbili kupita Wayne alijitoa, akalipwa dola 800 kwa sehemu yake. Watu humcheka kwa mabilioni aliyoyaacha. Mimi huvutiwa na kwamba aliondoka mapema, kwa maandishi, na kampuni ikaendelea bila kivuli chake. Kampuni yenu haina kura ya kuamua, na mwenzako hajaondoka wala hajabaki.

Utaratibu uliozoeleka katika kampuni changa za teknolojia ni kwamba hisa za mwanzilishi hazipatikani zote siku ya kwanza. Zinakuwa zake kidogo kidogo kwa miaka 4, na akiondoka kabla ya mwaka mmoja kutimia hapati kitu. Ninyi naona hamkuandikiana hivyo, kwa hiyo kisheria nusu ni yake na huwezi kumlazimisha. Lakini utaratibu huo unawapa mahali pa kuanzia mazungumzo. Kama alifanya kazi kwa muda wote miaka 2 kati ya 4, basi nusu ya hisa zake amezitolea jasho: asilimia 25 ya kampuni. Asilimia 25 nyingine zirudi kwenye kampuni, sehemu yake iwekwe akiba kwa wafanyakazi watakaokuja. Mpe kitu cha kumfanya akubali: anabaki mwenye hisa bila deni la kuja jioni, na kampuni haitamdai tena muda wake. Wengi huona ni afueni, kwa sababu na yeye usiku halali vizuri akijua anakuangusha.

Msianze na namba. Muulize kwanza kama ana nia ya kurudi, na lini. Akitaja tarehe, iandikeni, na muandike pia nini kitatokea ikipita. Akisema "tutaona", hilo ni jibu tayari. Ongeeni mkiwa wawili tu, mchana, si baada ya kazi akiwa amechoka. Mwanasheria aingie mkishaelewana, aandike mlichokubaliana. Akiingia mapema mno kila mmoja wenu ataanza kujilinda.

Kuna karatasi mbili za kuuliza wakati huohuo. Je, mwenzako alisaini popote kwamba msimbo aliouandika ni mali ya kampuni? Na mkataba wake wa ajira mpya unasemaje kuhusu kazi anayoifanya nje ya saa za ofisi? Baadhi ya waajiri huandika kwamba kila kitu mfanyakazi anachokibuni akiwa kwao ni chao. Kama mkataba wake una kifungu hicho, vile anavyowaandikia jioni vinaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mwanasheria wa mwekezaji ataliuliza hili, na ni heri mkalijua kabla yake.

Ukitaka kuona kwa nini hisa zitangulie, piga hesabu. Mwekezaji akichukua asilimia 25 leo, wewe unabaki na 37.5 na mwenzako 37.5. Akija mwingine baadaye na kuchukua 20, mnabaki na 30 kila mmoja. Wewe unayefungua ofisi asubuhi una sehemu sawasawa na mtu aliyeacha kuja, na kila mwekezaji wa baadaye ataliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuhusu masharti yenyewe, asilimia ni nusu tu ya habari. Tafuteni kifungu cha haki ya kulipwa kwanza. Tuseme ameweka 100, ana asilimia 25, na siku moja kampuni inauzwa kwa 120. Mtu angedhani atapata 30. Lakini kifungu cha kawaida kinamruhusu kuchukua zile 100 zake kwanza, na ninyi mgawane 20 iliyobaki. Si wizi, ni jambo la kawaida, ila lieleweke kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kifungu kikimpa 100 zake halafu tena asilimia 25 ya kilichobaki, kataeni. Angalieni pia ni maamuzi gani yatahitaji ruhusa yake: kuajiri, kukopa, kuuza, kubadili bei.

Na jueni yeye anatafuta nini. Kama fedha anazoweka ni za mfuko wa uwekezaji, mfuko huo kwa kawaida una umri wa karibu miaka 10, na unategemea kampuni chache zikue mno ili zifidie nyingi zilizokufa. Kampuni yenye wateja 300 wanaolipa vizuri na faida ya kudumu ingekuwa maisha mema kwako, na kwake ni hasara ya muda. Hakuna mwenye kosa hapo, mnataka vitu tofauti. Mailchimp, kampuni ya programu ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianzishwa mwaka 2001, ikakua miaka 20 bila wawekezaji wa nje, na mwaka 2021 ikakubali kununuliwa na Intuit, kampuni ya programu za mahesabu, kwa takriban dola bilioni 12. Sikuahidi hayo. Nasema tu njia ya pili ipo, na kwa programu ya stoo naiona inafaa zaidi.

Fedha za njia hiyo mnazo karibu kuliko mnavyofikiri. Kila mteja mpya aanze na bei ya juu kuliko ya sasa. Mkiona hakuna anayeshtuka, bado iko chini. Wa zamani wapeni nafasi ya kulipa mwaka mzima mapema kwa punguzo la mwezi mmoja au miwili. Fedha ya mteja haidai hisa wala kiti kwenye bodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila Ijumaa andikeni mahali pamoja fedha iliyopo benki, igawanyeni kwa matumizi ya mwezi, mjue mna miezi mingapi. Kodi mliyoikusanya kwa niaba ya serikali iondoeni kabla ya kugawanya, si yenu. Miezi hiyo ikishuka chini ya 6, acheni mengine yote mshughulikie mauzo.

Kuajiri nimekuachia mwisho kwa sababu ndiko mnakotaka kukimbilia. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huifanya ichelewe zaidi. Wapya lazima wafundishwe na wale wale waliokuwa wanafanya kazi, na mawasiliano yanaongezeka kuliko watu. Mkiwa 6 mna jozi 15 za watu wanaoweza kutoelewana. Mkiwa 12 ni jozi 66. WhatsApp ilipokubali kununuliwa na Facebook Februari 2014 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 na wafanyakazi 55, na kitu walichokuwa wanakitengeneza kilikuwa kimoja.

Mtu wa kwanza ambaye ningemwajiri nafasi yenu ni wa kupokea simu za wateja, mwenye subira na anayejua kuandika. Kila swali analolijibu aliandike pamoja na jibu lake. Ndani ya miezi michache daftari lake litakuwa ramani ya kazi yenu iliyo bora kuliko mkutano wowote. Muuzaji msimwajiri bado. Mwanzilishi auze mwenyewe mpaka aweze kuandika kwenye ukurasa mmoja anachokisema na mteja anachokijibu; kabla ya hapo muuzaji mnamlipa kubahatisha, na atawaahidi wateja vipengele ambavyo havipo, mrudi palepale.

Kwa mwekezaji andika barua fupi. Mshukuru, mwambie mnarekebisha mgawanyo wa hisa na kuunganisha programu, na kwamba mtamtumia kila mwezi namba tatu: wateja wanaotumia, walioondoka, na mapato. Mwombe mzungumze tena baada ya miezi 6. Akikubali, mtajua anasoma, na mtakaporudi mezani bei ya asilimia 25 itakuwa nyingine. Akiwapa wiki moja ya kuamua, mjibu siku hiyohiyo kwamba hapana, kisha umpigie simu mwenzako mpange siku ya kukutana.